Nane Nane na silaha yenye leseni: uende nayo, uiache nyumbani, uikabidhi kituoni au ukodi mlinzi?

Julai ikianza kuyoyoma, wenye silaha halali wa Arusha na Moshi huulizana chini kwa chini: Nane Nane unakwenda nayo? Anayeuliza si mhuni. Ni mfanyabiashara wa madini ambaye maisha yake yako njiani kati ya Mirerani na mjini. Ni mfugaji wa Monduli mwenye shotgani ya kulinda boma. Ni mwenye duka la pembejeo anayepanga banda la maonesho hayo ya wakulima Viwanja vya Themi, Njiro, Arusha, tangu tarehe 1 hadi 8 Agosti, na kila jioni anafunga hesabu akiwa na fedha taslimu mkononi. Leseni anayo na ada amelipa. Linalomsumbua ni moja tu: siku hiyo chuma kikae wapi?

Njia zilizo wazi ni nne. Kwenda nayo mwilini, kuifungia nyumbani kwenye sefu, kuikabidhi kituo cha polisi, au kuisahau kabisa na kukodi ulinzi wenye silaha. Iko ya tano, ya kuiacha kwenye gari, ambayo wengi wanaifanya na hakuna anayeitaja. Nayo nitaipitia, maana kuinyamazia hakutaizuia.

Sheria kwa ufupi, kabla ya kulinganisha

Umiliki wa silaha za kiraia unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Waliowahi kuomba leseni wanajua safari yake: inaanzia serikali ya mtaa au kijiji, inapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama, inapita kwa polisi wa wilaya na mkoa. Mwisho wa safari unapata ruhusa yenye jina lako, kwa silaha yenye namba yake. Ruhusa hiyo haihamii kwa mkeo, kwa dereva, wala kwa mtoto wa kaka yako, hata kwa dakika mbili.

Wengine husoma habari za Marekani mtandaoni kisha wakaja kubishana mlangoni kwa hoja za huko. Mwaka 2023 watu watatu walijeruhiwa kwa risasi ndani ya Maonesho ya Jimbo la Texas, mjini Dallas. Mwaka 2024 waandaaji wakapiga marufuku silaha kwa wageni wote, isipokuwa polisi walio kazini na waliostaafu. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, akaenda mahakamani akidai kwamba uwanja ni mali ya jiji, kwa hiyo mwenye haki ya kubeba silaha asizuiwe. Mahakama ya Juu ya Texas ikakataa kuisimamisha marufuku hiyo, na maonesho yakafunguliwa hivyo hivyo. Tofauti na kwetu ni kubwa. Wao wanabishania haki iliyoandikwa kwenye katiba yao. Katiba ya Tanzania haina kifungu kinachompa raia haki ya kutembea na bunduki. Tulicho nacho ni ruhusa ya mamlaka, na aliyekupa anaweza kuiwekea masharti au kuichukua. Hoja ya kwamba Themi ni uwanja wa umma haikusaidii kitu mbele ya askari wa zamu.

Vigezo vya kupimia

Nimechagua vitano, na kila njia itapita kwenye vyote: mambo yatakavyokwenda mlangoni, silaha iko chini ya mkono wa nani muda wote, inakukinga na nini hasa, gharama na muda, na siku ikiharibika, nani ataulizwa nini. Watu wengi hukomea kwenye kigezo cha kwanza. Kwangu kizito zaidi ni cha tatu, na nitakaa nacho zaidi.

Mlangoni

Anayekwenda nayo mwilini ajue kwamba atakaguliwa. Asubuhi ya siku kubwa milango ya Themi ina polisi, mgambo, walinzi wa kampuni, foleni ya wanaume na ya wanawake. Mlinzi wa hapa amezoea kuona rungu na sime kiunoni mwa mtu, hazimshtui. Lakini mkono wake ukigusa bastola chini ya koti, mambo yanabadilika hapo hapo, na walio nyuma yako nao wanaanza kurudi nyuma.

Kwa hiyo kama umeamua kwenda nayo, usisubiri ikutwe. Toka kwenye foleni, mfuate askari polisi, si mgambo wala skauti wa tiketi, na useme kwa mdomo huku mikono ikionekana. "Afande, habari ya kazi. Mimi ni mmiliki halali, ninayo bastola upande wa kulia, leseni iko mfuko wa shati. Nielekeze." Usiitoe kumwonyesha. Askari mwenye adabu atakujibu, "Sawa mzee, tusogee pembeni," na huko pembeni ndiko utakakojua kama unaingia nayo, unaiacha, au unarudi nayo. Majibu yote matatu yanawezekana, na lolote kati yao ni la kutii. Siku ya ufunguzi na siku ya kilele, ambako viongozi wa kitaifa huja, usitegemee jibu la kwanza. Siku hizo ulinzi unapangwa na watu ambao hawana muda wa kusoma leseni yako.

Aliyeiacha nyumbani hana hadithi ya mlangoni. Aliyeikabidhi kituoni naye anapita mikono mitupu. Aliyekodi mlinzi ana kazi ya ziada, kwa sababu mlinzi mwenye shotgani akitokea getini bila taarifa atazuiwa kama mwingine yeyote. Kampuni inapaswa kuandikia waandaaji na polisi mapema, ikitaja banda, jina la mlinzi na silaha atakayobeba. Na aliyeiacha kwenye gari asidhani ameukwepa ukaguzi. Geti la maegesho lina askari wake, na siku za wakubwa hata buti hufunguliwa.

Chini ya mkono wa nani

Hapa ndipo kwenda nayo kunapoonyesha ugumu wake. Uwanja wa maonesho ni mahali pa kusukumana. Unakutana na mtu mliyesoma naye Ilboru, anakukumbatia kabla hujajiandaa. Mtoto wa shemeji anataka kubebwa aone ng'ombe wa maziwa. Mchana nyama choma imeiva na meza imejaa chupa, na kila mwenyeji anakwambia onja hata moja. Moja haichanganyiki na bastola, na anayejijua kwamba hataikataa amekwisha kujibu swali la makala hii yote.

Kisha kuna choo. Watu wazima hawapendi kulisema hili, lakini kwenye vyoo vya uwanjani ukifungua mkanda, holsta, yaani mfuko wa bastola wa kiunoni, inalegea au inawekwa mahali: juu ya tangi la maji, juu ya ukuta mfupi, kwenye msumari wa mlango. Nje kuna foleni na mtu anagonga. Hapo ndipo silaha husahaulika. Njia pekee ni kuiacha kwenye holsta na holsta kwenye suruali, mbele ya macho, haidhuru ni tabu kiasi gani. Asiyeweza kujiapia hivyo asiibebe.

Nyumbani, swali linahamia kwenye sefu. Sefu iliyofungwa kwa nati ukutani au sakafuni ni kitu kimoja. Kijisanduku cha bati kabatini ni kingine, kwa sababu mwizi hukibeba chote akakifungulie mbele ya safari. Kuna jambo la majira pia. Tarehe 8 Agosti ni sikukuu, na mitaa ya Njiro, Sakina na Kijenge inabaki na nyumba ambazo familia nzima imekwenda maonesho. Wezi nao wana kalenda. Kama nyumba inabaki tupu, au ufunguo wa sefu uko kwenye droo ambayo kila mtu wa nyumbani anaijua, basi "nimeiacha nyumbani" si ulinzi mkubwa kama unavyosikika.

Kituo cha polisi kinashinda kwenye kigezo hiki, ilimradi makabidhiano yawe ya maandishi. Nenda mapema, sema kaunta kwamba umekuja kuhifadhi silaha, acha askari akuelekeze wapi pa kuondoa risasi. Hakikisha kumbukumbu inataja aina, namba ya silaha na idadi ya risasi, na uondoke na nakala au namba ya kumbukumbu. Bila karatasi hiyo, jioni utakuta zamu imebadilika na unaanza kujieleza upya.

Kwa mlinzi wa kukodi, silaha ni ya kampuni na dhamana ni yao. Ila usikubali mpango wa mlinzi "kukushikia" silaha yako wewe. Hapo mmeharibu leseni mbili kwa mpigo.

Gari? Maegesho ya Nane Nane ni uwanja wa vumbi unaoangaliwa na vijana waliopewa fulana za rangi. Kioo cha gari kinavunjwa kwa sekunde, na anayevunja kioo hutafuta kompyuta mpakato. Akikuta bastola chini ya kiti, umempandisha cheo kwenye kazi yake.

Inakukinga na nini

Tuhesabu hatari za ndani ya uwanja. Wachomoa pochi na simu. Matapeli wa karata na michezo ya bahati. Mtoto kupotea kwenye umati. Ugomvi wa walevi jioni karibu na jukwaa la muziki. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa na bastola. Ukiitoa kumtishia mchomoa simu katikati ya watu, hatari kubwa kuliko zote pale umekuwa wewe. Risasi haichagui banda, na nyuma ya kila mhalifu wa Themi kuna wanafunzi wenye sare waliokuja kuangalia mashine za kukamulia.

Hatari inayostahili kufikiriwa iko nje ya geti. Saa kumi na mbili jioni, mabanda yanafungwa, magari yanabanana kuelekea mzunguko wa Impala, na mwenye banda ana mauzo ya siku kwenye begi. Kama kuna mtu alikuwa akimhesabia tangu mchana, atamfuata kwa pikipiki na kungoja apunguze mwendo kwenye barabara ya vumbi ya kuingilia kwake. Anayesema "mimi nabeba kwa ajili ya njiani" ana hoja, na sipendi namna wenye kumpinga wanavyomchukulia kama mpenda sifa.

Lakini hoja yake inamtaka ajiulize swali linalofuata: njiani amebeba nini? Kama ni fedha, fedha siku hizi zina njia nyingine ya kurudi nyumbani. Lipa namba kwenye meza ya banda hupunguza noti tangu asubuhi. Benki na mawakala wa simu nao huweka mabanda humo humo uwanjani, kwa hiyo mauzo ya mchana yanaweza kuingizwa kwenye akaunti saa nane na ya jioni kabla ya kufunga. Anayetoka getini na shilingi elfu hamsini hahitaji kilichokuwa kinahitajika na anayetoka na milioni nane. Nimeona wafanyabiashara wakitumia nguvu nyingi kutafuta namna ya kuingia na silaha, na hakuna aliyekuwa amefikiria kupunguza kile ambacho silaha ililetwa kukilinda.

Anayebaki na shida ya kweli ni mwenye mali isiyoingia kwenye simu: vito, au fedha za mnada wa mifugo ambao wauzaji wanataka noti mkononi. Kwake mlinzi wa kukodi mwenye gari anashinda bastola ya kiunoni, kwa sababu ni watu wawili au watatu wanaotazama, wakati yeye peke yake anaendesha, anaongea na simu na amechoka. Silaha iliyo nyumbani au kituoni haimkingi njiani hata kidogo, na ni haki kulisema hilo wazi.

Gharama na muda

Kuibeba na kuiacha nyumbani ni bure, ukiacha bei ya sefu ambayo mmiliki anapaswa kuwa nayo kwa vyovyote. Kituoni unalipa kwa muda: kwenda asubuhi, kungoja, kurudi jioni wakati foleni ya magari ni ileile. Mlinzi ni fedha, na bei hutofautiana kati ya kampuni binafsi na SUMA JKT, shirika la Jeshi la Kujenga Taifa, kati ya kukodi kwa siku na kukodi kwa maonesho yote. Wenye mabanda jirani wakichangia mlinzi mmoja na gari moja la jioni, gharama inapungua hadi ya kuvumilika. Hili halifanyiki vya kutosha, na sababu yake nadhani ni kwamba hatupendi jirani ajue tumeuza kiasi gani.

Siku ikiharibika

Ikipotea ukiwa uwanjani, unatakiwa kutoa taarifa polisi mara moja, si kesho baada ya kuitafuta na marafiki. Utaulizwa ilikuwa wapi, nani alikuwa karibu, ulikunywa nini. Leseni inaweza kuishia hapo. Ukiitumia, hata kama ulikuwa unajitetea kweli, itachukuliwa kama kielelezo na wewe utaandika maelezo; kujitetea kunapimwa kwa ukubwa wa hatari iliyokukabili, na simu iliyoibwa si hatari ya maisha.

Kubwa kuliko yote ni lile la "nishikie kidogo." Anayekutwa na silaha asiyokuwa na leseni yake anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambako kifungo ni miaka 20 hadi 30. Kijana wako wa banda uliyempa mkoba "wenye vitu vyangu" huku wewe ukienda kula, anaweza kuingia kwenye shimo hilo bila kujua alichoshika.

Ikiibwa nyumbani kwenye sefu iliyofungwa ukutani, una maelezo yanayosimama. Ikiibwa garini, maelezo yako yanaanza na swali lisilo na jibu zuri: kwa nini iliachwa huko? Iliyo kituoni ikileta tatizo, una karatasi. Ya mlinzi wa kukodi ni ya mwajiri wake, ingawa aliyeomba mlinzi aje na silaha naye ataitwa kueleza.

Kwa hali yako

Unakwenda na familia kutazama, kula na kurudi: iache nyumbani, kama sefu ni ya kweli na kuna mtu mzima anabaki. Nyumba ikibaki tupu, ipeleke kituoni asubuhi.

Una banda na unauza rejareja: nyumbani au kituoni, lipa namba mezani, na peleka fedha benki mara mbili kwa siku. Siku mbili za mwisho, ambazo mauzo hupanda, zungumza na majirani kuhusu mlinzi wa pamoja.

Unabeba madini au fedha za mifugo: mlinzi wa kukodi, aliyeombewa kwa barua mapema. Ukiona lazima uwe na yako, mwone Mkuu wa Polisi wa Wilaya siku kadhaa kabla, akuelekeze kuhusu kuingia nayo au kuiacha mahali ndani ya uwanja. Usifanye mazungumzo hayo getini.

Unatoka Moshi, Himo au Rombo: usisafiri nayo kilomita themanini na zaidi ili uje kuikabidhi Arusha. Ihifadhi kituo cha karibu na kwako, maana ratiba ya kurudi usiku huvurugika na hutataka kulala mjini na silaha kwenye gesti.

Wewe ni mkulima au mfugaji ambaye bunduki yako ni ya kulinda shamba dhidi ya wanyama: huna sababu ya kuileta mjini. Iache pale inapofanyia kazi, chini ya kufuli.

Umezoea kubeba kila siku, hunywi, unaijua holsta yako, na siku yenyewe ni ya katikati ya wiki isiyo na viongozi: hapa kubeba kunaweza kuwa na mantiki, kwa kujitambulisha kwa polisi kwanza na kukubali kurudi nayo ukiambiwa hivyo. Panga usafiri wa kuirudisha kabla hujatoka nyumbani, ili ukikataliwa usije ukaishia kuiacha garini.

Na kampuni za uwindaji zinazoshiriki Karibu-KiliFair, maonesho ya utalii ya Kisongo, mwezi Juni, zikitaka kuonyesha bunduki za kuwindia, hizo ni silaha za maonesho zenye taratibu zake: barua kwa waandaaji, barua kwa polisi, orodha ya namba za silaha, hakuna risasi bandani, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina ambaye haondoki mezani hata kwenda kunywa chai.